Wafuasi wapo, wateja hawapo: jibu kwa fundi wa sola wa Singida

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa sola hapa Singida, nina cheti cha VETA na uzoefu wa miaka sita. Nina wafuasi zaidi ya elfu nne Instagram, na wengine wako TikTok. Karibu kila siku napost kitu: picha za kazi nilizomaliza, maneno ya kutia moyo, hata vichekesho. Watu wanalike, wanauliza bei, nikiwatajia wanapotea. Kuna fundi mwenzangu ambaye najua kabisa kazi yake si nzuri, lakini anapata wateja wengi kuliko mimi. Wengine wananishauri nijenge jina langu mtandaoni. Wengine wanasema chema chajiuza, nikomae na kazi tu. Nifanye nini? Na je, nibadilishe jina la akaunti, nilipie matangazo?

JIBU: Marahaba, fundi. Kabla sijaandika nimeipitia akaunti yako, na nimejaribu kuitazama kwa macho ya mwalimu wa shule ya msingi kule Ikungi, ambaye ameshaweka akiba ya kununua sola lakini hajui paneli nzuri inafananaje. Anaona paneli juu ya bati. Anaona betri mbili sakafuni na inveta ukutani. Chini umeandika "Kazi imekamilika, asante mteja wangu kwa kuniamini", namba ya simu, na "bei njoo inboksi". Anashuka kidogo, anakuta picha nyingine ya namna hiyohiyo, kisha nukuu ya kutokukata tamaa, kisha bati jingine.

Hapo amejua kwamba unafunga sola, basi. Na kwa kuwa kila fundi ana picha ya paneli juu ya bati, kitu pekee alichobaki nacho cha kukulinganisha na wenzako ni bei. Anakuja inboksi, anauliza, unamtajia, anakwenda kwa wa pili na wa tatu, anamchukua wa chini. Watu hao si wababaishaji. Wameuliza bei kwa sababu hukuwapa kitu kingine cha kuuliza.

Hao wanaokuambia chema chajiuza wanasema kweli, lakini kwa vitu vya sokoni. Nyanya mtu anaibonyeza, kitenge anakipapasa, akiridhika anatoa pesa. Sola haibonyezwi. Siku ya kwanza mfumo mzuri na mfumo mbovu vinafanana kabisa: taa zinawaka, TV inawaka, mwenye nyumba anakushika mkono kwa furaha. Tofauti inajitokeza miezi kadhaa baadaye, mvua zikishaanza, betri inapozima saa mbili usiku. Wakati huo aliyefunga ameshalipwa na namba yake haipatikani. Ndiyo maana mwenzako anapata wateja kama wewe au kuliko wewe: kwenye picha hamtofautiani. Kazi ambayo ubora wake unachelewa kuonekana lazima ielezwe na aliyeifanya, na aieleze mapema, kabla mteja hajatoa pesa.

Kwa hiyo naomba uanze na swali hili, ulijibu kwa sauti ukiwa peke yako. Mteja wako wa mwaka jana akiwa msibani, shemeji yake akamwambia anatafuta fundi wa sola, atamwambia nini kuhusu wewe? Nadhani leo atasema, "Kuna kijana mmoja anafunga, ngoja nikupe namba." Sentensi hiyo haina uzito. Sasa isikilize hii: "Kuna fundi mmoja, kabla hujanunua chochote anakuja kukupigia hesabu ya vyombo vyako vyote, anakuandikia mfumo utawasha nini na hautawasha nini, na mvua zikija anarudi kukagua betri." Huyo shemeji hataanza na bei. Ataanza na "anapatikana wapi?"

Jina linalodumu ni sentensi ambayo watu wengine wanaweza kuirudia wewe usipokuwepo, na ukifika wakute ni kweli. Yote unayoweka mtandaoni yapimwe kwa hilo: je, inamsaidia mtu kuijua sentensi hiyo, au kuamini kwamba ni kweli? Nukuu za kutia moyo hazisaidii. Vichekesho vinakuletea watazamaji wa Mbeya na Mombasa ambao hawatakuita kamwe. Huna sababu ya kuvionea aibu, ila usihesabu likes zake kama dalili ya biashara.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitakaa hapa kwa muda mrefu, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapokuwa na utajiri wasioutumia.

Chukua hesabu ya nyumba moja ya kawaida. Taa tano za wati 7, zikiwaka kwa saa tano, ni wati-saa 175 (wati-saa ni wati mara idadi ya saa). TV ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Simu tatu za kuchaji, tuseme 45. Jumla ni 420 kwa usiku mmoja. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) inabeba 12 mara 100, yaani wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya maji unajua vizuri kwamba haifai kuinyonya zaidi ya nusu, la sivyo unaiua mapema. Imebaki 600. Hapo familia hii iko salama, na ina akiba kidogo. Paneli ya wati 200 kwenye saa tano za jua kali inatoa 1,000 kwenye karatasi. Toa robo inayopotea njiani kwa joto, nyaya na vumbi, zimebaki 750. Betri inajaa, hata siku ya mawingu kiasi haiachi mtu gizani.

Halafu mama mwenye nyumba anauliza, "Na pasi je?" Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inakula wati-saa 500. Imezidi taa, TV na simu za usiku mzima. Friji ndogo ya vinywaji nayo ikiwaka mchana kutwa na usiku kucha inaweza kuhitaji peke yake zaidi ya hizo zote.

Hesabu hii kwako ni ya kila siku, unaifanya kichwani ukiwa umeshika ngazi. Kwa yule mwalimu wa Ikungi ni habari ambayo hajawahi kuambiwa na mtu yeyote, dukani wala kwa fundi. Irekodi. Kaa mezani na daftari, andika namba kwa kalamu kubwa, kamera itazame daftari, usihangaike kuonyesha uso ikiwa unaona haya. Dakika moja na nusu inatosha. Malizia kwa kusema waziwazi: mfumo wa ukubwa huu hauwashi pasi, hauwashi birika la umeme, na fundi akikuambia unawasha, mwambie akuandikie na aweke sahihi.

Usiogope kwamba unatoa siri bure. Atakayeielewa hesabu hiyo hatapanda juu ya bati mwenyewe. Atatafuta mtu anayeijua, na wewe ndiye uliyemfundisha. Na fundi mwenzako akiichukua na kuitumia, mteja wake amepona, na watu wa Singida wameanza kuuliza maswali ambayo wewe una majibu yake.

Video ya pili naitamani sana niione kwako, ya futi kamba. Mitaani kuna paneli zenye lebo ya wati 300 ambazo hazifiki hata nusu yake. Mnunuzi hana kipimo, anasoma lebo. Lakini jua lenyewe lina mpaka: kwenye mita moja ya mraba likiwa kali kabisa linaleta takriban wati 1,000, na paneli za kawaida hugeuza karibu sehemu moja ya tano kuwa umeme. Yaani mita ya mraba moja ni wati 200 hivi. Paneli halisi ya wati 300 ina urefu wa mita 1.6 na zaidi, upana karibu mita 1, na si ya kubebwa kwapani. Ukimwonyesha mtu futi kamba juu ya paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67, ukamwambia "hii haiwezi kuwa 300, hata ikiandikwa kwa dhahabu", umempa ulinzi atakaoutumia akiwa dukani bila wewe. Hapo utamwona anamtumia kaka yake kwenye kundi la familia. Usitaje jina la duka wala la kampuni. Huhitaji ugomvi, na kazi yako ni kumfundisha mnunuzi kupima.

Hivi ndivyo thamani inavyosemwa. Neno "ubora" halina msaada kwa mtu, "uaminifu" pia, na "huduma bora kwa bei nafuu" imeandikwa kwenye kila gari la mizigo nchini. Mteja anaamini anapoona kitu alichoweza kukipima mwenyewe. Kwa hiyo kila unapojikuta unaandika neno la kujisifu, lifute, uweke kitendo au namba. Badala ya "tunatoa huduma baada ya mauzo", andika "narudi kukagua betri mara mbili ndani ya mwaka wa kwanza, bila malipo, kwa wateja wote ndani ya Singida mjini na Ikungi". Andika tu ukiwa umeshapiga hesabu ya nauli. Ahadi ndogo iliyotimizwa miaka mitatu mfululizo itakujenga kuliko ahadi kubwa iliyokufa mwezi wa pili.

Na hapo kwenye kukagua ndipo penye ushahidi ambao mwenzako hawezi kuuiga. Picha ya siku ya kukamilisha kazi haithibitishi kitu, nimeshaeleza. Picha yenye nguvu ni ya miezi kumi na miwili baadaye. Rudi kwa mteja, pima betri ikiwa imepumzika bila kuchaji wala kutumika, onyesha mita. Betri ya maji iliyojaa vizuri inasoma karibu volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Sema: "Betri hii nimeifunga mwaka jana mwezi huu, imepita msimu mzima wa mvua, leo inasoma hivi." Mwache mteja aseme kwa maneno yake mwenyewe, hata akisema kwamba siku mbili za mawingu mazito alilazimika kuzima TV mapema. Usilikate hilo. Msikilizaji anayekutana na kasoro ndogo iliyosemwa wazi ataamini na yale mazuri. Picha za meseji za WhatsApp zinazosema "ahsante fundi kazi nzuri" kila mtu anaweza kuzitengeneza kwa simu mbili, na wateja wameshajua.

Nikuonye kwenye jambo ambalo sijaona fundi akilizungumza. Paneli na betri zinaibwa. Ukipost nyumba ya mteja, kijiji chake, jina lake na betri mpya za lithiamu zilipo, umewachorea wezi ramani. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, usioneshe geti wala barabara, taja wilaya tu, na ikiwezekana ipost wiki kadhaa baada ya kazi. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu na makazi yake ni mambo yake. Kumwambia mteja "sitaonyesha nyumba yako mpaka uniruhusu" nako ni sehemu ya kile unachouza. Wapo watakaokuchagua kwa hilo peke yake.

Kuna kundi la wateja ambalo nadhani hujaliona kabisa: Watanzania walioko nje. Mtu yuko Muscat au Minneapolis, anamjengea mama yake nyumba Kiomboi, anataka aweke sola. Hawezi kuja kusimamia. Ameshatapeliwa kwenye saruji na ameshatapeliwa kwenye mbao, kila ndugu aliyemtumia pesa amekuja na hadithi. Huyu kwake bei ndogo si jambo la kwanza. Anachotafuta ni fundi anayetuma ripoti: picha ya namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya kila paneli, risiti ya dukani yenye jina lake, video ya mfumo ukiwaka usiku, na karatasi ya hesabu kama ile niliyoandika hapo juu. Ripoti hiyo ya kurasa mbili itengeneze mara moja, ikiwa na nafasi za kujaza, kisha onyesha ukurasa mmoja mtandaoni ukiwa umefuta majina. Useme kwamba kila mteja anaipata, aliye Singida na aliye ng'ambo. Watu wa ughaibuni wana makundi yao ya WhatsApp, na fundi mwenye ripoti anatajwa humo kwa miaka.

Sasa niseme juu ya kudumu, maana uliuliza kuhusu kujenga jina, na jina la mwaka mmoja halina maana kwa mtu wa umri wako.

Mtandao unaojenga juu yake leo si wako. Vine, mtandao wa video fupi, ilikuwa na watu maarufu wake. Ilifungwa mwanzoni mwa 2017. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilizimwa Aprili 2019. India ilifunga TikTok Juni 2020, na watu waliokuwa na mamilioni ya wafuasi humo waliamka hawana kitu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na wafanyabiashara waliotegemea mitandao hiyo pekee wakakosa njia ya kuwafikia wateja wao. Ninachokuomba si uhame. Wateja wako wako humo, baki humo. Ila uwe na mahali pako pia: tovuti ndogo ya ukurasa mmoja au miwili yenye jina lako na mwisho wa .co.tz, ikiwa na zile hesabu, ile ripoti, maeneo unayofika, na namba. Jisajili pia kwenye ramani ya Google, ni bure, ili mtu akiandika "fundi sola Singida" akuone. Na orodha ya wateja uiandike kwenye daftari la karatasi, jina, simu, tarehe ya kufunga, aina ya betri. Daftari hilo ndilo litakalokukumbusha nani anatakiwa kukaguliwa mwezi huu.

Angalia walioweza kudumu. Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa gazeti, akaanzisha blogu yake mwaka 2005, wakati Watanzania wengi hawajui blogu ni nini. Kilichowavuta watu kilieleweka kwa mtu yeyote: ukitaka kuona kilichotokea nyumbani leo, nani kaoa, nani kazikwa, rais yuko wapi, fungua kwa Michuzi. Mtu wa London aliweza kumweleza mwenzake kwa pumzi moja. Mitandao mingapi imekuja na kuondoka tangu hapo, jina limebaki, kwa sababu watu walijua wanafuata nini kwake.

Au mchukue Kili Paul, kijana wa mkoa wa Pwani. Mavazi ya Kimasai, nyumbani kijijini, nyimbo za Kihindi akiziimba kwa kufuatisha midomo pamoja na dada yake. Ukiona video moja umejua utakachopata kwenye ijayo. Wahindi walimpata Instagram, maana TikTok kwao ilikuwa imeshafungwa, na Februari 2022 ubalozi wa India hapa nchini ulimtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na dada yake kwenye hotuba yake ya redio. Biashara yako haihitaji mamilioni ya watu wala Waziri Mkuu wa nchi yoyote. Ninamtaja kwa jambo moja tu, kwamba hakuwa wa kila kitu. Leo akaunti yako ni ya sola, na ya motisha, na ya vichekesho, na siku ya mechi ni ya mpira. Mtu akikufuata hajui anafuata nini.

Kuhusu kupost kila siku, acha. Mbili kwa wiki zinatosha ukiwa na kitu cha kusema, na utapata muda wa kuzifanya vizuri. Mada zako nakuachia mwenyewe, lakini nikupe chanzo kisichokauka: maswali ya wateja. Kila swali unaloulizwa kwenye simu liandike kama lilivyoulizwa, kwa lugha ya muulizaji. "Fundi, mbona taa zinafifia saa tatu?" "Betri ya lithiamu ina faida gani na bei yake ile?" "Naweza kuanza na paneli moja nikaongeza?" Jibu swali moja kwa video moja. Tumia maneno ya mteja kwanza, ya ufundi baadaye. Akisema "betri inakula chaji haraka", anza na maneno hayohayo, ndipo umweleze kinachotokea ndani ya betri.

WhatsApp usiidharau, huko ndiko kazi inakofungwa. Lakini elewa inavyofanya kazi: stetasi inakaa saa 24, na kwa kawaida inaonwa na watu ambao mmehifadhiana namba, wewe umeihifadhi yake na yeye ameihifadhi yako. Fundi mwenye wateja mia wasiohifadhi namba yake anaongea peke yake. Kwa hiyo siku unakabidhi kazi, kabla hujashuka kwenye ngazi ya mwisho, mwombe mteja aandike namba yako kwenye simu yake mbele yako, kwa jina la "Fundi Sola", na uandike ya kwake. Tumia WhatsApp Business badala ya ile ya kawaida. Unaweza kuweka salamu ya kwanza inayojituma yenyewe, na salamu hiyo iulize: una vyombo gani, vinawaka saa ngapi, uko wilaya gani? Tayari mazungumzo yameanza na hesabu badala ya kuanza na "bei gani".

Bei nayo usiifiche. "Bei inboksi" inamfanya mtu ahisi kwamba bei yako inategemea sura yake. Andika hadharani mfumo wa taa na TV unaanzia shilingi ngapi kwako, na kilichomo ndani: paneli ya ukubwa gani, betri ya aina gani, nyaya za unene gani, fyuzi, ukaguzi mara mbili. Wapo watakaoona ni ghali wakaondoka bila kukupotezea muda. Wapo watakaochukua orodha yako waende nayo kwa yule wa bei ya chini, wamuulize, "Wewe unaweka fyuzi? Unarudi kukagua?" Wengi wa hao watarudi.

Juu ya yule mwenzako sina mengi. Usimposti, usimseme kwa mafumbo. Wateja wakiona mafundi wanarushiana maneno wanawakimbia wote wawili. Cheti chako cha VETA kiweke kwenye tovuti, na kama una leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, weka namba yake. Kama huna, anza kuishughulikia mwaka huu, kwa sababu zahanati, shule na taasisi hazitakupa kazi bila hiyo, hata wakipenda video zako kiasi gani.

Uliuliza kuhusu jina la akaunti. Lililopo sasa, lenye neno "classic" na namba tatu mwishoni, libadilishe. Weka jina lako halisi unaloitwa mtaani, kazi, na mkoa. Maelezo ya wasifu wa Instagram yana nafasi ya herufi 150 tu, kwa hiyo zitumie kwa ile sentensi ya msibani: unapiga hesabu kabla mteja hajanunua, unaandika utawasha nini na hautawasha nini, unarudi kukagua. Jina hilohilo litumie TikTok, WhatsApp na kwenye tovuti, na ukiona limeanza kutajwa, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara kabla mtu mwingine hajakutangulia.

Matangazo ya kulipia usiyaguse kwa miezi mitatu ya kwanza. Leo ukilipia utakuwa unalipa watu zaidi waje kuuliza bei na kupotea. Subiri uwe na video ya hesabu, ya futi kamba, na angalau moja ya betri iliyomaliza mwaka. Mteja wa kupimiwa betri unaye tayari, umefanya kazi miaka sita. Kisha tazama ni ipi watu wameitumia wenzao zaidi. Usiangalie likes, angalia idadi ya waliosambaza na waliohifadhi. Hiyo ndiyo uilipie, kwa pesa ndogo, na uchague ionekane mkoa wa Singida tu. Anza mwezi wa tisa au wa kumi, wakati wenye alizeti na vitunguu wameshauza na mvua bado hazijafika, na hakikisha ile salamu ya WhatsApp imeshawekwa kabla tangazo halijaanza kutembea.